Jumanne ya Mfereji wa Juu

Nina cheti kinachosema kwamba ninajua kufikiri. Nilikipata Dar es Salaam baada ya siku tano za semina ya fikra bunifu na uongozi mahali pa kazi. Kimetiwa fremu, kimetundikwa sebuleni kwetu Same juu kidogo ya televisheni, na mke wangu hukifuta vumbi kila Jumamosi bila kusema neno. Wanaomfahamu mke wangu wanajua kwamba hayo ni maneno mengi.

Siandiki haya ili kuisema vibaya semina ile. Ilikuwa semina nzuri, na chakula cha mchana kilikuwa kizuri zaidi. Mwezeshaji alitufundisha kwamba mtu mwenye tatizo la kazini asikimbilie dawa kabla ya kumfahamu anayeumwa: amtazame, amsikilize, ajaribu kitu kidogo, akosee mapema, arekebishe. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni kuyafanya, na kwa hilo ninamshukuru mwanamke mmoja ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote isipokuwa zangu.

Wakati huo chama cha wakulima kilikuwa kimenikabidhi kiwanda kidogo cha kukaushia tangawizi huko juu milimani, upande wa Bombo. Ninaposema kiwanda, msomaji asitafute bomba la moshi. Lilikuwa banda refu la matofali, na nyuma yake uwanja wenye chanja za wavu zilizofunikwa kwa nailoni ngumu inayopitisha jua. Wanawake kumi na wawili waliosha tangawizi, wakaiparua, wakaikata vipande vyembamba na kuvitandaza kwenye chanja. Vilipokauka tulivifunga, vikateremshwa Same, na kutoka hapo vikaifuata barabara kuu kwenda kwa watu wasiojua baridi ya asubuhi ilivyo pale.

Nilichaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikuwa nimesoma chuo kikuu. Ya pili, nilikuwa mtoto wa palepale. Ya kwanza ilikuwa kweli kabisa. Ya pili ilikuwa kweli kwenye cheti cha kuzaliwa. Niliondoka mlimani nikiwa kijana wa sekondari, nikazunguka ofisi za watu Morogoro na Dar es Salaam, nikarudi hadi Same tu, mjini, kwenye joto na feni. Shamba la marehemu baba lipo bado. Binamu yangu ndiye anayelilima, nami nilikuwa nalitembelea wakati wa Krismasi, nikiwa na viatu vya kanisani, nikisimama mahali pasipo na matope na kusema, "Mahindi yamependeza."

Tatizo la kiwanda lilikuwa hili. Tulikuwa tukipokea tangawizi mara moja kwa wiki, siku ya Jumanne. Siku hiyo niliichagua mimi mwenyewe, mwezi wa kwanza tu wa kazi: Jumanne tupokee, siku zinazobaki tukaushe. Kwenye karatasi ilipendeza mno. Lakini Jumanne magunia yalijaa hadi barazani, wakulima wakasimama tangu asubuhi hadi jua la mchana, na tangawizi iliyochelewa kuoshwa ikaanza kusinyaa. Ilipofika Ijumaa chanja zilikuwa tupu na wanawake walikuwa wanafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Halafu kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Wakulima wengi, tena wenye tangawizi nyingi, hawakuja kabisa. Tuliiona tangawizi yao ikipakiwa kwenye malori ya walanguzi pale senta, mbichi, yenye udongo wake.

Bodi ya chama ilinipa msimu mmoja. Chanja zikiendelea kukaa tupu nusu ya wiki, kiwanda kifungwe na banda liwe ghala la mbolea.

Kwangu mimi kufungwa kwa kiwanda kulikuwa na maana ya kurudi kwenye meza yangu ya Same na kuandika taarifa ya kwa nini kilifungwa, kazi ambayo ningeifanya vizuri. Kwa shemeji yangu lilikuwa jambo jingine. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale wanawake kumi na wawili. Tulikuwa rika moja, naye anatoka ukoo mmoja na mke wangu, hivyo nilikuwa shemeji yake, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kukuambia mambo ambayo hata bodi inayaogopa. Alifiwa na mume mapema. Kwa miaka mingi aliishi tambarare, Kileo, kwa kaka yake, akilima mashamba ya watu. Kiwanda kilipofunguliwa alipanda mlima, akaingia katika nyumba ya mumewe iliyokuwa imebaki kuta na popo, akaiezeka upya chumba kimoja kimoja.

"Hapa pakifungwa, shemeji," aliniambia siku ile nilipowasomea barua ya bodi, "wewe unarudi Same kwenye feni. Mimi ninarudi Kileo kuwa mgeni asiyeondoka."

Hakusema kwa uchungu. Alisema huku akiparua tangawizi, wala kisu hakikusimama. Lakini sentensi hiyo niliondoka nayo hadi Dar es Salaam kwenye semina, na nadhani ndiyo iliyonifanya niandike kwa mwandiko mzuri kiasi kile.

Niliporudi nilikuwa mtu mpya. Nilikuwa na vijikaratasi vya kunata vya rangi nne, kalamu nene za kila rangi na maneno mengi. Jumanne iliyofuata nilisimamisha kazi kwa saa mbili, nikapanga viti kwa duara, nikawaita wale wanawake kumi na wawili pamoja na wakulima waliokuwepo. Niliwaalika pia wakulima wakubwa wasioleta tangawizi. Hakuja hata mmoja. Kwenye daftari niliandika: mwitikio mdogo.

"Leo," nilisema, "hakuna bosi hapa. Kila mmoja atoe wazo. Hakuna jibu baya."

"Hata moja?" shemeji akauliza.

"Hata moja."

"Ungekuwa wewe ndiye uliyetusahihishia mtihani wa darasa la saba, shemeji, leo mimi ningekuwa waziri."

Walicheka, nami nikacheka, na nikaona semina imeanza vizuri. Niliwagawia vijikaratasi. Waliandika kwa adabu: ushirikiano, bidii, kumtanguliza Mungu. Tuliviweka ukutani vyote, njano na pinki na kijani, ukuta ukawa kama nyumba yenye sherehe. Ukungu wa pale haujali rangi. Asubuhi ya pili vyote vilikuwa sakafuni, vimejikunja, na fagio lilikuwa limeshapita.

Kazi ya mwisho ya siku ile ilikuwa kuchora. Niliwaomba wachore safari ya mkulima, tangu anapong'oa tangawizi hadi anapotufikia. Wengi walinichora mimi, wakisema mimi ndiye niliyekuwa karibu. Lakini binti mmoja mkimya, mdogo kuliko wenzake wote, alichora picha niliyoipenda papo hapo. Ilikuwa na mtu mwenye jembe amesimama kando ya maji yanayoteremka. Nyuma yake kulikuwa na nyumba, na mlangoni pa nyumba gunia limesimama peke yake. Juu aliweka jua.

Niliinua karatasi ile ili wote waione.

"Tazameni," nilisema. "Maji haya yanayotiririka ndiyo safari yenyewe. Maisha ya mkulima hayasimami. Na gunia hili mlangoni ni ndoto ambayo bado haijatimia."

Wanawake walitazamana. Shemeji alikohoa, akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Kisha mmoja akapiga makofi, na wengine wote wakamfuata. Niliipiga picha karatasi ile nikamtumia mwezeshaji wangu wa Dar es Salaam. Alinijibu kwa alama tatu za moto.

Nilitengeneza suluhisho mfululizo. Niliweka benchi kwa wanaosubiri, na hilo ninalisimamia hadi leo: lilikuwa benchi zuri. Niliweka chai. Nilitoa vibao vyenye namba ili watu wasigombanie mstari, kwa hiyo Jumanne yetu ikawa na msongamano ule ule, ila sasa wenye namba. Niliweka sanduku la maoni lenye kufuli. Baada ya wiki tatu nililifungua nikakuta karatasi tatu. Moja ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa mwaliko wa mazoezi ya kwaya. Ya tatu iliuliza ufunguo wa choo unakaa kwa nani.

Hata hivyo niliamua kumfuata mteja, kama nilivyofundishwa. Mteja niliyemfuata alikuwa binamu yangu, yule anayelima shamba la baba, maana naye alikuwa mmoja wa wasioleta. Nilimkuta senta.

"Kaka, mbona hatukuoni kiwandani?"

"Nitakuja kaka, nikipata nafasi."

"Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna tatizo kaka. Kazi yenu nzuri. Nimesikia hata chai ipo."

Nikaandika: mkulima ameridhika na huduma. Kisha, katika taarifa yangu kwa bodi, niliweka sentensi ninayoiona aibu kuinakili hapa, lakini haki itendeke: "Changamoto kuu ni uaminifu mdogo wa wakulima."

Msimu ulikuwa umebaki nusu. Siku moja ya Alhamisi, tukiwa tumekaa bila kazi, baragumu lililia kutoka kwenye kilima cha jirani. Baragumu likilia hivyo, kila nyumba inajua: Jumamosi kuna msaragambo, kazi ya wote. Safari hiyo ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la wazee ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku na kuachiwa asubuhi yaingie kwenye mifereji ya mashamba. Kila nyumba yenye shamba hutoa mtu. Kwa nyumba ya marehemu baba alikuwa anatoka binamu yangu, miaka yote.

"Shemeji," yule mama wa kisu kisichosimama aliniambia, "si unatafuta wateja wako? Jumamosi watakuwa wote sehemu moja. Njoo na koleo. Viti vya duara viache."

Nilikwenda. Nilinunua mabuti mapya Same, ya kijani, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu kila aliyenisalimia aliyasalimia mabuti kwanza. Nilipofika, watu kama sitini walikuwa tayari ndani ya ndiva hadi magotini, wanaume wanachota tope kwa majembe na makoleo, wanawake wanalibeba kwa karai na kulimwaga ng'ambo ya ukuta. Niliwaamkia wakubwa, shikamoo moja moja kwa mstari mzima. Mgawa maji, mzee mfupi anayesimamia zamu za mifereji, aliitikia marahaba akanitazama miguuni.

"Hayo mabuti yanajua kuogelea?"

"Tutajua leo, mzee."

"Ingia. Ukizama tutamwambia binamu yako aendelee kukuwakilisha."

Kwa saa nzima sikuuliza mtu swali lolote, si kwa sababu nilikumbuka kusikiliza, bali kwa sababu sikuwa na pumzi. Na kwa vile sikuuliza, watu walizungumza. Walizungumza juu ya mahindi, juu ya mchungaji mpya, juu ya lori lililokwama kwenye kona. Walimsema binamu yangu kwa karai lake dogo. Walisemana waziwazi, jina kwa jina, mbele ya wote. Aliyesemwa alijibu huku anachota tope, wengine wakacheka, na shauri likaisha hapo hapo. Nilikumbuka sanduku langu lenye kufuli nikaona haya peke yangu.

Shemeji alikuja na karai lake akalisimamisha mbele ya koleo langu. Nilimjazia. Ndipo mgawa maji alipopaza sauti kutoka ukutani, akiwakumbusha watu zamu za wiki inayokuja.

"Mfereji wa chini, Jumatatu kama kawaida. Wa juu, Jumanne. Wa kati, Alhamisi. Asiyekuwepo shambani kwake saa yake, maji yanapita. Sitaki kesi."

Nilisimama na koleo hewani.

"Mfereji wa juu ni Jumanne?" nilimuuliza shemeji.

"Tangu babu yako."

"Kila Jumanne?"

"Shemeji, shamba la baba yako liko mfereji gani?"

Liko mfereji wa juu. Nililelewa kwenye mfereji ule. Nikiwa mtoto nilitumwa Jumanne kusimama kwenye mpaka wa shamba na jembe dogo, kungoja maji yafike, kuyafungulia njia, kuyafunga saa ya jirani ilipofika. Asiyekuwepo saa yake hukaa wiki nzima bila maji. Nilikuwa na kumbukumbu hiyo yote mahali fulani kichwani, chini ya shahada. Na katika siku zote za wiki nilikuwa nimechagua Jumanne, nikauambia mfereji mkubwa kuliko yote uchague kati ya maji na mimi.

"Wote hawa wanajua?" nilisema.

"Nani asiyejua?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia. Tulikuchorea." Aliweka karai chini, akajishika kiuno. "Mtu yuko kwenye maji yake, gunia limebaki mlangoni, jua linapanda. Tungechora nini tena? Ukatuambia maji ni safari ya maisha na gunia ni ndoto."

Waliokuwa karibu walikuwa wamesikia. Mmoja akauliza ndoto gani, akaelezwa, akamweleza mwenzake, na kicheko kikatembea kutoka upande mmoja wa ndiva hadi mwingine kama maji yenyewe. Binamu yangu alicheka hadi akaegemea ukuta. Yule binti aliyechora alijificha nyuma ya karai lake.

"Lakini mngenisahihisha," nilisema, nikicheka na mimi, maana hapakuwa na namna.

"Ulifurahi mno, shemeji," alisema. "Tukasema tusikuharibie siku."

Msaragambo uliisha mchana kwa makande kwenye majani ya mgomba, na hapo, mikono ikiwa bado na tope, tulikaa kikao ambacho ndicho ningepaswa kupewa cheti chake. Hakuna aliyeita kikao. Nilisema tu kwamba nimekosea siku. Watu walikubali haraka sana kwamba nimekosea, kisha wakaanza kurekebisha.

Nilipendekeza kila mfereji ulete tangawizi yake siku moja baada ya maji. Udongo utakuwa umelainika, mtu ang'oe bila kuvunja vidole vya tangawizi, alete asubuhi. Nilijisikia mbunifu. Wakulima walikubali. Shemeji alikunja pua.

"Siku moja baada ya maji, tangawizi inatoka na nusu ya shamba," alisema. "Hujaona ya mfereji wa chini wanavyoileta Jumanne?"

Nilikuwa nimeiona kwa macho kila wiki. Lakini alisema tujaribu, maana mimi ndiye meneja, na kwa sababu alitaka nione. Tulijaribu wiki moja. Tangawizi ya mfereji wa juu ilikuja kwa wingi ambao hatujawahi kuuona, na kila kipande kilikuwa kimevaa koti la udongo. Maji ya kuoshea yakawa kama chai ya rangi. Wanawake waliosha hadi vidole vikakunjamana, na jioni tulikuwa tumeosha nusu.

"Haya, meneja," shemeji alisema akikamua kanga yake. "Umekosea mapema. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Wiki iliyofuata alipanga yeye. Siku mbili baada ya maji: udongo bado laini, lakini haugandi. Mfereji wa chini Jumatano, wa juu Alhamisi, wa kati Jumamosi. Nilitaka kuchapisha ratiba na kuibandika. Alinizuia. Mgawa maji ndiye aliyewatangazia wa kila mfereji anapozibua ndiva asubuhi, na kanisani likasemwa baada ya matangazo ya ndoa. Jumatatu na Jumanne, siku ambazo hazikuwa na mapokezi, zikawa za kufungasha na kusafisha. Vibao vya namba viliishia kuwa vifuniko vya vyungu. Benchi lilibaki.

Sitaki kusema mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Kuna mlanguzi aliyeshusha lori hadi karibu na ndiva. Kuna wiki ya mvua ambayo hakuna kilichokauka. Kuna Alhamisi ambayo magunia yalizidi, na mimi mwenyewe nilikalia kigoda nikaparua, nikipewa visu butu visije vikanikata. Lakini kidogo kidogo nikizunguka uwanjani Ijumaa nilikuwa nakuta chanja zimejaa, vipande vyeupe-njano vimelala safu kwa safu, harufu imeshika hata nguo. Nilianza kujizuia kusema. Nilikuwa nauliza swali moja asubuhi, "Leo nani amekwama?" kisha nakwenda alipo. Kumbe sehemu kubwa ya uongozi wangu ilikuwa kubeba ndoo.

Bodi ilikuja siku ya Alhamisi bila taarifa, watu watano wamevaa vizuri. Walikuta mfereji wa juu unapokelewa. Hakuna mwanamke aliyesimama kuwapokea, maana mikono ilikuwa kazini; waliamkiana huku visu vinatembea. Mwenyekiti alizunguka chanja zote, akainua nailoni moja, akanusa. Kisha akanigeukia.

"Meneja, mfumo huu umeubuni vipi?"

Nitakiri hapa nilichokiri nyumbani kwangu tu. Nilifungua mdomo, na maneno yaliyotoka yalikuwa, "Kupitia mchakato shirikishi..." Nilikuwa na sentensi nzima tayari, yenye vishazi vitatu. Nilimwona shemeji amekaa kwenye kigoda, hanitazami, tangawizi mkononi. Safari hii kisu chake kilikuwa kimesimama.

"Sikuubuni," nilisema. "Niliuharibu. Aliyeutengeneza ni yule pale."

Mwenyekiti alimwendea. Shemeji alieleza kwa dakika tatu, bila kusimama, akitumia vipande vitatu vya tangawizi kwa mifereji mitatu. Alimaliza akaendelea kuparua.

"Na zamu za wanawake hapa nani anapanga?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi."

"Wakulima wakigombana?"

"Mimi na mgawa maji."

"Meneja je?"

Aliinua macho akanitazama, akafikiri kwa haki.

"Meneja anaandika vizuri sana," alisema.

Waliondoka. Jioni hiyo niliandika barua kwa bodi, na kama alivyosema, niliandika vizuri. Niliomba ile sentensi ya uaminifu mdogo wa wakulima ifutwe katika taarifa yangu ya awali. Niliomba kiwanda kisifungwe. Na niliandika kwamba kwa maoni yangu kiwanda tayari kina msimamizi, ila mshahara wa usimamizi unakwenda kwa mtu mwingine.

Majibu yalichukua muda, kama majibu ya vyama yanavyochukua. Kiwanda hakitafungwa. Kuanzia msimu ujao shemeji atakuwa msimamizi. Mimi nirudi Same nishughulikie masoko. Kupendekeza uondolewe ni jambo moja, na kukubaliwa haraka namna ile ni jingine. Nilitarajia angalau wangesita. Mke wangu alinipikia chai, akaniuliza kama nimehuzunika. Nilimwambia hapana. Akanitazama. Nikamwambia kidogo.

Nilipanda mlimani nikamsomea shemeji barua, nikasimama, wao wamekaa. Wanawake walipiga vigelegele, na mmoja akaanza wimbo wa kanisani, wote wakaudaka. Yeye hakupiga kigelegele. Aliomba karatasi aisome mwenyewe, akaisoma mara mbili, akaikunja ndogo na kuitia kifuani.

"Shemeji," alisema, "gari la chama liko wapi?"

"Lipo Same."

"Jumapili baada ya ibada ninalihitaji. Nina kitanda changu Kileo."

Sikuelewa kwanza. Kitanda chake cha ndoa, cha mninga, kilikuwa kimebaki kwa kaka yake miaka yote hiyo. Aliezeka nyumba, akatia milango, akapanda kahawa mbele ya dirisha, lakini usiku alilala kwenye godoro chini. Kitanda ni kizito, alisema. Mtu hapandishi mlima kitu kizito kama hajui kama atakiteremsha tena.

Tulikwenda Jumapili ile, yeye, dereva na mimi. Kaka yake alitupokea kwa wali na maharage na malalamiko.

"Sasa mnanichukulia kitanda, wageni wangu watalala wapi?"

"Wageni wako waje kwangu," dada mtu alimjibu. "Mlimani kuna baridi, wataondoka mapema."

Tulikifungua vipande, tukakipakia, tukakifunga kwa kamba. Mbele ya gari lile kuna viti viwili vya watu na kimoja cha katikati ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya nusu mtu. Nilikwenda upande wa dirishani kwa mazoea, nikamkuta msimamizi ameshakaa, amefunga mkanda, ameweka mkoba magotini. Nikapanda katikati. Tangu Kileo hadi Mwanga gia ilikuwa inanigonga goti, na kutoka Mwanga kwenda Same yeye alikuwa ametoa shingo nje ya dirisha, anatazama nyuma kama kamba bado zimekaza.

"Nenda taratibu," alikuwa anamwambia dereva. "Usinivunjie."

Na dereva, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumfanya apunguze mwendo, alikuwa anapunguza.